Tupeane uzoefu: wachungaji waliotufundisha katika vyuo vya Biblia

Mchungaji wa Arua (mwanzisha mada)

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Nafungua mada hii baada ya kumtembelea mwalimu wangu wa chuo cha Biblia, mchungaji aliyefundisha kwa miaka 29 katika chuo kidogo cha huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambaye sasa ana umri wa miaka 78 na macho yake yamefifia kiasi kwamba hawezi tena kusoma. Alinipokea uani chini ya mwembe, tukasalimiana, kisha akaniomba niingie chumbani nimtolee sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Ndani yake nilikuta madaftari 29, moja kwa kila mwaka aliofundisha. Katika kila daftari ameandika majina ya wanafunzi wa mwaka huo, kijiji alikotoka kila mmoja na lugha ya nyumbani kwao, na mbele ya kila jina ameacha nafasi ya mistari minne au mitano ambayo amekuwa akiijaza kidogo kidogo kadiri habari zilivyomfikia: amewekwa wakfu, amehamishiwa parokia fulani, amefiwa na mkewe, ameacha utumishi, amelala katika Bwana. Aliniomba nimsomee daftari la mwaka 1996, ambalo ndilo langu. Kila nilipotaja jina alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ninayo habari ya kuongeza, na nilipokuwa nayo alinipa kalamu niiandike. Jua lilizama kabla hatujafika nusu ya daftari hilo moja.

Nikiwa njiani kurudi nilitafakari jinsi tunavyowakumbuka watumishi wetu. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda, aliyeuawa wakati wa utawala wa Idi Amin, tunamjua kwa kifo chake cha tarehe 16 Februari 1977, na tangu mwaka 2015 siku hiyo ni sikukuu ya taifa letu. Lakini ni wachache wanaotaja kwamba kabla ya kuwa askofu alikuwa mwalimu, kisha mkuu, wa Chuo cha Theolojia cha Buwalasi kule mashariki, na kwamba wapo makasisi waliojifunza kuandaa mahubiri mbele ya ubao wake. Ikiwa hata yeye sehemu hiyo ya maisha yake imesahaulika, itakuwaje kwa wale ambao hawakufanya kazi nyingine zaidi ya hiyo? Ndiyo maana naomba tupeane uzoefu. Waliofundishwa waseme, watoto wa walimu waseme, na walimu wenyewe kama wamo humu waseme.

Naanza mimi. Muhula wetu wa kwanza, Mwalimu hakutupa maandishi ya kunakili kama tulivyotarajia. Aliandika ubaoni maneno matatu, "Filemoni, aya 25", akaketi. Tuliisoma barua ile fupi, ambayo Paulo anamwomba Filemoni ampokee tena mtumwa wake Onesimo, kwa muda wa majuma matatu. Kila asubuhi alituletea swali moja: Nani aliibeba barua hii? Onesimo alijisikiaje kutembea safari yote ile akiwa na karatasi inayozungumzia hatima yake? Kwa nini Paulo analitaja kanisa lililo nyumbani kwa Filemoni, wakati jambo lenyewe ni la watu wawili? Wengine wetu tulidhani kwamba mzee hajatayarisha masomo.

Mjue kwamba darasa lile lilikuwa na Walugbara, Waalur, Wakakwa na Wamadi, pamoja na ndugu kutoka Kongo na Sudani, na wengi tulikuwa tumekulia uhamishoni, kwa sababu baada ya serikali ya Idi Amin kuangushwa mwezi wa Aprili 1979 familia nyingi za huku zilivuka mpaka kukimbia kisasi. Tulikuwamo mtoto wa mwanajeshi, na tulikuwamo mtoto wa mtu aliyeporwa na wanajeshi, tukilala katika bweni moja. Katika juma la tatu yule wa pili alisimama akauliza kama Filemoni alikuwa na ruhusa ya kukataa. Mwalimu aliweka chaki mezani. Alifuta mikono yake kwa kitambaa taratibu, akasema kwamba swali hilo ndilo alilokuwa akilisubiri, na kwamba kila mtu aliandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake, kwa sababu tutaulizwa swali hilo katika kila parokia tutakayopewa. Nimeulizwa mara nyingi, hasa katika kesi za mashamba ambayo wenyewe walirudi kutoka Zaire wakayakuta yanalimwa na jirani.

Haya yote aliyafundisha kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa Waganda wengi wa umri wangu ilikuwa lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mimi nilijifunza kwake kwamba inawezekana kutubu kwa lugha hiyo.

Binti wa Padre, Jinja

Mchungaji, nimesoma habari za sanduku la bati nikalazimika kuiweka simu kando kwa muda. Baba yangu naye alikuwa nalo, ila lake lilikuwa la karatasi za mitihani ambazo wanafunzi hawakurudi kuzichukua.

Baba alikuwa kwanza padre wa jeshi, na huko ndiko sisi watoto tulikopata Kiswahili, katika nyumba za kambi. Baadaye akaombwa kufundisha katika chuo cha Biblia, akafundisha hadi kustaafu. Watu wanaomkumbuka humkumbuka darasani au mimbarani. Mimi namkumbuka saa kumi na moja kasorobo alfajiri, akiwa amevaa buti zile zile za jeshi, akitoka na jembe kwenda kupalilia mihogo nyuma ya maktaba, kwa sababu mshahara ulikuwa haujaja. Ulipata kukosekana kwa miezi saba mfululizo. Chuo sikitaji na wala si chuo kimoja tu kilichowahi kufanya hivyo. Saa mbili kamili alikuwa ameoga, amevaa kola yake, anafundisha Waamuzi na Ruthu kana kwamba ameamkia vitabu. Ada zetu za shule zililipwa na mandazi ya mama, ambayo aliwauzia wanafunzi wa baba wakati wa mapumziko, na wengi wao walikopa, na mama hakuwahi kumwambia baba ni nani waliokopa ili asije akawatazama vingine anaposahihisha kazi zao. Nataka jambo hilo lijulikane. Tunapomtaja mwalimu wa chuo cha Biblia mara nyingi tunataja nusu ya kazi, kwa kuwa nusu nyingine ilifanyika jikoni, na jina la aliyeifanya halimo katika cheti cha mtu yeyote.

Meza yetu ilikuwa na viti sita na sikumbuki siku tuliyokula tukiwa sita. Mwanafunzi aliyeletewa habari za msiba alilia sebuleni kwetu. Aliyegombana na mkewe kwa barua alikuja na barua hiyo. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilikuwa najua kutofautisha mgeni wa chakula na mgeni wa maombi kwa jinsi tu alivyobisha hodi.

Kuna simulizi moja aliyoirudia kila mwaka kwa wanafunzi wapya, nami niliisikia kupitia dirishani mara nyingi hata nikaikariri. Ni habari ya mwaka 1941 katika chuo cha Mukono, ambacho wakati huo kiliitwa Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker, kilichoanza mwaka 1913. Uamsho wa Walokole, yaani waliookoka, ulikuwa umepamba moto. Wanafunzi wakawa wanaamka kabla ya mapambazuko kuomba pamoja na kuhubiri, na waliwakemea waziwazi wenzao na hata walimu kwa dhambi walizoziona. Uongozi wa chuo uliweka amri ya kuizuia mikutano hiyo, wao wakakataa kutii, na wanafunzi 26 wakafukuzwa, akiwamo William Nagenda ambaye baadaye alihubiri katika nchi nyingi za dunia. Baba hakuisimulia ili kuuchekelea upande wowote. Aliwauliza wanafunzi: kama wewe ndiwe mkuu wa chuo, unafanyaje siku hiyo? Kisha aliwaacha wabishane hadi kengele ya chakula. Yeye mwenyewe, nilipomuuliza nikiwa mtu mzima, aliniambia kwamba amebadili jibu lake mara tatu maishani.

Alipostaafu akiwa na miaka 65 alipewa miezi mitatu kuihama nyumba ya chuo. Hakuwa na kiwanja. Tulihamisha vitabu vyake kwa lori la mtu aliyekuwa akirudi kutoka kupeleka mkaa, na vingine hadi leo vina vumbi jeusi kwenye kingo. Alizifuta jalada moja moja kwa kitambaa chenye maji kidogo, kazi iliyomchukua mwezi mzima, na kila alipomaliza kitabu aliniambia ni mwanafunzi gani aliyewahi kukiazima.

Mchungaji wa Arua

Dada yangu, ahsante kwa kumtaja mama. Mke wa Mwalimu wangu alituuguza malaria bwenini na hadi leo sijui jina lake la kwanza. Tulimwita Mama tu. Nitalitafuta.

Kuhusu kustaafu, nasema waziwazi kwamba hapo tumekosea. Askofu anapostaafu tunachangishana mpaka mwenye kuku anatoa kuku, na ni vema. Lakini mtu aliyewafundisha makasisi wa dayosisi nzima anaondoka chuoni kwa lori la mkaa, na sisi wanafunzi wake tunapata habari baada ya mwaka. Tumefundishwa nao kuhusu mjane wa Sarepta, kisha tunashindwa kuuliza mwalimu analala wapi.

Mtumishi wa Kyangwali

Ndugu Mchungaji, nakusalimu katika jina la Yesu. Mimi ni Mkongomani kutoka Ituri na naishi katika kambi ya wakimbizi ya Kyangwali. Naomba kuuliza jambo moja kabla ya kutoa ushuhuda wangu. Je, huyo Mwalimu alikuwa na baiskeli ambayo kengele yake ilifungwa kitambaa ili isilie anapopita karibu na bweni usiku? Na je, mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu karibu na kidole gumba? Ikiwa ndiye, basi na mimi ni mwanafunzi wake, wa mwaka 2004. Nilifika kwake nikitokea kwenye vita vya Ituri, nikiwa na fulana moja na Biblia ya Kifaransa isiyokuwa na kitabu cha Mwanzo, maana kurasa zake zilikuwa zimeng'oka.

Alinifundisha miaka miwili. Kwanza alinifundisha Kiswahili cha kuandika, kwa sababu Kiswahili chetu cha Bunia kilimsumbua masikioni, lakini hakuwahi kunicheka. Alikuwa akiandika neno langu na neno la kitabuni yakiwa sambamba, akasema yote mawili Mungu anayasikia, ila mtihani unasikia moja tu. Kisha alinifundisha habari za Apolo Kivebulaya, na hapo ndipo nilipojua kwamba injili ilifika Boga, si mbali na kwetu, mwaka 1896 kwa miguu ya Mganda aliyetoka Toro akavuka mto Semliki. Kivebulaya alifundisha na kubatiza huko, akaingia msituni kwa Wambuti, akaitafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao, akafariki Boga mwaka 1933, na aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa maana kazi ya huko ilikuwa haijaisha. Mwalimu alipomaliza somo hilo aliniambia, "Wewe ni deni linalorudi." Sikuelewa.

Nilirudi nyumbani mwaka 2006 nikachunga kanisa. Mapema mwaka 2018 machafuko yalizuka tena, nasi tulivuka Ziwa Albert kwa mashua kutoka Tchomia, watu wamebanana hata mtoto hawezi kugeuka. Daftari zangu zote za chuo zilibaki. Miezi michache baadaye, wazee wa kanisa hapa kambini waliniomba niwafundishe wahubiri, maana walikuwa wengi wenye bidii na wachache waliowahi kusoma. Tulianza chini ya turubai tukiwa watu 19 na Biblia tano, mbili za Kiswahili na tatu za Kifaransa. Wanne kati yao hawakujua kuandika, na mmoja wao ni mama wa makamo ambaye anakumbuka sura nzima akiisikia mara mbili. Huyo nilimpa mtihani kwa mdomo, na alinirekebisha mimi mahali nilipokosea aya.

Sikuwa na maandishi ya kufundishia. Kwa hiyo nilichukua ubao, nikaandika Filemoni, aya 25. Katika darasa hilo walikuwamo watu wa makabila yaliyokuwa yamechomeana nyumba, wakiwa wameketi kwenye magunia mamoja. Sitaandika hapa waliyoambiana. Ilituchukua zaidi ya majuma matatu.

Mchungaji wa Arua

Ndugu yangu, ndiye. Kovu lile ni la panga, alijikata akifyeka uwanja wa chuo. Nipe siku chache.

Mchungaji wa Mbale

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini roho inanisukuma nami niseme, ingawa njia yangu ni tofauti na yenu. Mimi ni wa Kipentekoste. Mwaka 1977, serikali ya Amin ilipopiga marufuku madhehebu mengi na kuacha machache tu, nilikuwa kijana wa miaka 19 na mkutano wetu ulihamia nyumba za watu usiku. Hatukuwa na chuo, hatukuwa na vitabu, na mtu aliyekuwa na Agano Jipya alilikata vipande ili kila nyumba ipate injili yake. Kizazi chetu kilikomaa katika mazingira hayo, na tulipopata uhuru tulijivunia kwamba hakuna aliyetufundisha isipokuwa Mungu. Nilihubiri dhidi ya vyuo vya Biblia kwa miaka mingi, na aya yangu ilikuwa ile ya Wakorintho wa pili sura ya 3, kwamba andiko huua bali roho huhuisha.

Siku moja nilikutana na mwalimu wa chuo kwenye mazishi. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Hakubishana nami, aliniomba tu, kwa heshima, tuisome sura yote pamoja tukiwa tumeketi kwenye benchi la waombolezaji, kuanzia aya ya kwanza. Tulipofika mahali panapozungumzia huduma iliyochorwa kwa herufi katika mawe, nilinyamaza, kwa sababu niliona kwamba Paulo anazungumzia torati ya Musa na agano jipya, na wala hazungumzii mtu kwenda shule. Nilikuwa nimelitumia neno hilo kama rungu kwa zaidi ya miaka ishirini, na nililiona hapo kwa mara ya kwanza.

Niliingia chuoni nikiwa na miaka 46, nikakaa dawati moja na vijana wa rika la wanangu. Kazi yangu ya kwanza ya homiletiki, somo la kuandaa mahubiri, ilirudi ikiwa na maandishi mekundu pembeni: "Mchungaji, hii ni habari yako. Habari ya Luka iko wapi?" Karatasi hiyo iko ndani ya Biblia yangu hadi leo. Kila Jumamosi jioni nikimaliza kuandaa neno, naitoa naisoma, na kuna Jumamosi nyingi ambazo nimeanza upya.

Vijana wanaosema chuo kinazima moto wa Roho, mimi siwahukumu, nilikuwa huko. Nawaomba tu waisome sura yote.

Kijana wa Kasese

Shikamooni wazee wangu. Nimemaliza shule ya sekondari na natamani sana kwenda chuo cha Biblia, na ikiwezekana siku moja nifundishe. Baba yangu anasema ni kuchagua umaskini kwa hiari. Nimesoma habari za mihogo na mandazi na kwa kweli zimenitia hofu kidogo. Je, hali bado ni hiyo?

Mama Kasisi, Kampala

Mwanangu, nitakujibu kwa uwazi kwa kuwa mimi bado nafundisha, na huu ni mwaka wa 24.

Hali inatofautiana. Vyuo vilivyounganishwa na vyuo vikuu vina nafuu zaidi. Chuo cha Mukono chenyewe kilikuwa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda mwaka 1997, na baada ya sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2001 kuanzisha Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ikawa lazima chuo kinachotaka stashahada zake zitambuliwe kiwe na mitaala iliyokaguliwa na walimu wenye shahada. Ni jambo jema kwa mwanafunzi. Hata hivyo nimewaona wazee wenye hekima nyingi na stashahada moja wakilazimika kurudi shule wakiwa na mvi au kuondoka, na si wote waliokuwa na nauli ya kurudi shule. Kwa hiyo soma mpaka mwisho mapema, na jifunze kazi nyingine ya mikono pamoja nayo. Ufugaji, ushonaji, umeme, chochote. Corona ilipofunga makanisa na vyuo mwezi Machi 2020, waliokuwa na kazi ya pili walikula. Mimi nilifundisha Historia ya Kanisa kwa kutuma sauti za simu kwa wanafunzi waliopanda vilima kutafuta mtandao, na tulilipwa kwa mahindi na maharagwe waliyoyaleta walipoweza kusafiri tena.

Sasa niseme na kile ambacho baba yako hajakiona. Mimi niliingia chuoni miaka michache baada ya Askofu Festo Kivengere kuwapa wanawake daraja la ukasisi katika dayosisi ya Kigezi mwaka 1983, na bado kulikuwa na wanaume waliotoka darasani nilipopewa zamu ya kuongoza ibada. Mwalimu mmoja, badala ya kuwakemea, alikaa kiti cha mbele kabisa kila zamu yangu akiwa na daftari, akaandika mahubiri yangu neno kwa neno kama mwanafunzi. Baada ya muhula mmoja viti vilijaa. Sikuwahi kumsikia akitoa hoja juu ya wanawake.

Nilipoanza kufundisha nilitaka kuwa kama yeye, na nilishindwa mara nyingi. Hapo mwanzo wa miaka ya tisini, nikiwa bado mwanafunzi, tulikuwa tunazika karibu kila juma, na hakuna aliyelitaja ugonjwa kwa jina lake kaburini. Mwaka 1992 Kasisi Gideon Byamugisha alipotangaza hadharani kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, wa kwanza miongoni mwa viongozi wa dini Afrika kusema hivyo, wapo waliosema ameliaibisha vazi. Mimi mwenyewe nilinyamaza, na nilinyamaza vivyo hivyo miaka yangu ya kwanza ya kufundisha, nikitoa somo la uchungaji wa wagonjwa kutoka kwenye kitabu. Siku mwanafunzi wangu mmoja alipoacha kuja darasani na nikaja kujua sababu yake baada ya mazishi, niliona kwamba alikuwa amekaa mbele yangu mwaka mzima akisubiri nifungue mlango. Tangu hapo somo hilo silifundishi darasani peke yake. Wanafunzi wangu huenda wodini na beseni na sabuni, wanaosha wagonjwa wasio na ndugu, ndipo tunarudi kufungua kitabu.

Kuna furaha pia, mwanangu, na inakuja bila taarifa. Muhula uliopita nilikuwa nafundisha habari za Roho Mtakatifu, nikaeleza kwamba neno la Kiebrania, ruah, ni la kike, na la Kiyunani, pneuma, si la kiume wala la kike. Mwanafunzi mmoja wa Busia, ambaye kwa kawaida hazungumzi, aliinua mkono akasema, "Mwalimu, Kiswahili nacho kimefanya kitu. Tunasema roho yangu imechoka, lakini hatusemi Roho Mtakatifu imeshuka. Tunasema ameshuka." Darasa zima lilinyamaza. Nimefundisha somo hilo miaka mingi na lugha hii naisema kila siku, na sikuwahi kuliona hilo, kwamba silabi moja ya kitenzi ndiyo inayokiri kwamba huyo ni nafsi na si upepo. Niliketi, nikamwomba aje mbele aendelee yeye.

Mwambie baba yako kwamba nimesema ana haki kuogopa. Kisha mje wote wawili mnitembelee.

Kijana wa Kasese

Ahsante sana Mama Kasisi. Nimemsomea baba. Amesema tutakuja baada ya kuvuna kahawa.

Mchungaji wa Arua

Wapendwa, jana nilirudi kwa Mwalimu. Jina la mkewe nimeliuliza, nimeliandika, na tumekubaliana na wenzangu wa mwaka 1996 kwamba kabla ya mvua kubwa tutalibadilisha bati la jiko lake, ambalo linavuja.

Nilimsomea maneno yenu yote. Habari ya mwaka 1941 alisema anaifahamu, na akataka kujua Padre wa Jinja alikuwa amefikia jibu gani mara ya tatu. Dada, ukipenda tuambie. Kwa habari ya silabi ya Roho Mtakatifu aliomba nirudie kusoma, kisha akairudia yeye mwenyewe taratibu, imeshuka, ameshuka, akitikisa kichwa.

Nilipofika kwenye maneno ya mtumishi wa Kyangwali alininyoshea mkono ninyamaze. Aliniambia nichukue daftari la mwaka 2004. Nililipata, nikalitafuta jina kwa mwanga wa simu kwa sababu giza lilikuwa limeanza kuingia. Mbele yake palikuwa na mstari mmoja, "Amerudi Bunia, 2006", na chini yake alama ndogo ya kuuliza kwa penseli, iliyofutwa na kuandikwa tena hata karatasi ikachakaa mahali hapo. Mwalimu aliuliza kama nimelipata. Nikamwambia ndiyo. Safari hii hakunipa kalamu. Aliniomba nimwekee kidole chake mahali penye nafasi, nikakiweka, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka nje ya mstari: "Kyangwali. Anafundisha."